Barua ya ufadhili wa PhD imebadilishwa kabla sijasaini: niisome vipi?

Mikoko_Gazi

Salaam aleikum wanajukwaa, na hamjambo nyote.

Naomba msaada wa wanaoelewa ufadhili wa uzamivu kule Marekani. Mada yangu ni kaboni iliyo kwenye udongo wa mikoko, na sampuli zitatoka Gazi, Kwale. Februari nilipata ofa kutoka chuo kimoja cha umma cha majimbo ya katikati: posho ya dola 32,000 kwa mwaka, inalipwa miezi 12, kwa miaka mitano. Karo yote imesamehewa, bima ya afya ni juu yao.

Tarehe 31 Machi ikaja barua ya pili, wanaiita "iliyorekebishwa". Posho sasa ni dola 24,000 kwa miezi 9. Mwaka wa kwanza umehakikishwa, inayofuata "inatarajiwa, kutegemea kupatikana kwa fedha na maendeleo mazuri ya mwanafunzi". Karo bado imesamehewa, ila ada nyingine, dola 1,200 kila muhula, nazilipa mimi. Bima imebaki. Wanataka jibu ndani ya siku 7.

I-20 mpya (hati ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi) wameiambatisha. Kinachonishangaza ni kwamba kwenye I-20 hesabu imekaa sawa, hakuna upungufu hata wa dola moja. Makadirio yao ya maisha ni dola 1,900 kwa mwezi. Ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kuandikisha wanafunzi wa kigeni) nilishalipa, dola 350.

Maswali: posho imekatwa au haikukatwa? Hizo siku 7 ni sheria? Na nikisaini, ni wapi panaweza kuharibika baadaye? Kazi yangu hapa Mombasa ni ya mkataba, na mkopo wa elimu ya juu wa HELB bado nalipa.

---

Karani_wa_Tudor

Wa aleikum salaam dada.

Anza na hesabu ya mwezi mmoja. 32,000 ukigawanya kwa 12 unapata 2,667. 24,000 ukigawanya kwa 9 unapata 2,667 ile ile. Kiwango cha mwezi hakikuguswa. Walichokata ni miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Ndio maana wameandika "iliyorekebishwa" na hawakuandika "iliyopunguzwa". Akiulizwa mkuu wa idara atasema posho ni ile ile, na hatakuwa amesema uongo.

Sasa chukua I-20 yako, ukurasa wa kwanza, shuka mpaka sehemu ya fedha. Utaona pande mbili: upande mmoja gharama (karo, maisha, wategemezi, mengineyo), upande wa pili pesa zinakotoka (zako, za chuo, za mfadhili mwingine, za kazi ya chuoni). Juu ya kila upande imechapwa idadi ya miezi. Ile ya kwanza bila shaka ilikuwa 12. Tazama hii mpya. Kama ni 9, fumbo limefumbuka. Maisha 1,900 mara 9 ni 17,100, ongeza ada 2,400, jumla 19,500. Posho 24,000 inazifunika na chenji inabaki. Ukiifanya kwa miezi 12, maisha ni 22,800, na ada 2,400, jumla 25,200. Hapo hapo umepungukiwa 1,200, na kodi bado haijaguswa. Karatasi haikudanganya, imehesabu mwaka usio na kiangazi.

Kodi nayo I-20 haiijui kabisa. Kwa miaka mitano ya kwanza ya kalenda, mwanafunzi wa F-1 (viza ya mwanafunzi) huhesabiwa si mkazi kwa mambo ya kodi. Lina uzuri na ubaya. Uzuri: hukatwi ile asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na Medicare. Ubaya: hupati punguzo la kawaida wanalopata wenyeji, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukuokoa. Kwa viwango vya 2025, dola 11,925 za kwanza hutozwa asilimia 10, zinazofuata asilimia 12. Kwa 24,000:

11,925 × 10% = 1,192.50
12,075 × 12% = 1,449
Jumla = 2,641.50

Hiyo ni kodi ya serikali kuu tu. Majimbo mengi nayo yana yake, angalia jimbo lako. Toa kodi, toa ada 2,400, unabaki na karibu 18,960. Igawanye kwa 12, si kwa 9, maana tumbo halijui likizo: 1,580 kwa mwezi. Wao wenyewe wanasema maisha ni 1,900. Pengo ni dola 320 kila mwezi, karibu 3,840 kwa mwaka.

Wa nyumbani wakisikia 24,000 wataizidisha mara 129, waone milioni tatu na ushei, waanze kukuandikia orodha. Waonyeshe hii 1,580.

Jambo jingine dogo lakini linauma: uliza posho italipwa kama mshahara au kama feloshipu. Ikiwa mshahara, kodi inakatwa kidogo kidogo na mwisho wa mwaka unapewa fomu W-2. Ikiwa feloshipu, kwa kawaida wanashika asilimia 14 hapo hapo na kukupa 1042-S. Kwa 24,000 hiyo ni 3,360, na kilichozidi unakidai kwa fomu 1040-NR mwaka unaofuata. Utarudishiwa, lakini miezi yote hiyo pesa iko kwao.

---

Mama_Tasnifu

Mwanangu, hesabu ya Karani ni sawa. Mimi nitashika maneno ya barua.

Siku 7 kwanza. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini azimio la Baraza la Shule za Uzamili, wenyewe wanaliita Azimio la 15 Aprili. Linasema mwombaji halazimiki kujibu ofa ya msaada wa fedha kwa mwaka ujao wa masomo kabla ya tarehe 15 Aprili. Orodha ya vyuo vilivyosaini iko wazi kwenye tovuti ya baraza hilo. Kama chuo chako kimo, hizo siku 7 hazina nguvu: 31 Machi ukijumlisha 7 ni tarehe 7 Aprili, na wewe una mpaka 15. Usiwarushie azimio usoni kama mtu wa kesi. Waandikie kwamba unahitaji ufafanuzi wa mambo kadhaa na utajibu kabla ya 15 Aprili kama ilivyo desturi. Watakuelewa.

Azimio lenyewe lina mpaka wake. Linalinda muda wako wa kufikiri. Haliwazuii kubadilisha pesa.

Pili, "imehakikishwa" na "inatarajiwa" ni maneno mawili yaliyochaguliwa na wakili. La kwanza ni ahadi. La pili ni matumaini ya idara. Na yale masharti mawili yaliyofuata yatenganishe, maana watu huyasoma kama kitu kimoja. "Maendeleo mazuri" yako mikononi mwako, na lazima yawe na kipimo: wastani wa alama usioshuka 3.0, mtihani wa kufuzu mwaka wa pili, kikao cha kamati kila mwaka. Omba kipimo hicho kwa maandishi, kawaida kimo kwenye kitabu cha mwongozo cha idara. "Kupatikana kwa fedha" hakuko mikononi mwako hata kidogo, na hapo ndipo pa kuchimba.

Uliza pesa inatoka mfuko gani. Kuna njia tatu na kila moja huvunjika kivyake. Usaidizi wa kufundisha hulipwa na bajeti ya idara, unategemea idadi ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Usaidizi wa utafiti hulipwa na ruzuku ya profesa, ruzuku ikisitishwa nawe umesitishwa. Feloshipu hutoka chuoni au kwa mfadhili, ni tulivu kuliko zote lakini huwa ya mwaka mmoja au miwili.

Haya yote yamechafuka tangu 2025. Februari mwaka huo taasisi ya afya ya kule, NIH, ilitangaza kwamba gharama za uendeshaji kwenye ruzuku zisizidi asilimia 15. Mahakama zikaizuia, lakini vyuo vilishaogopa na kuanza kukaza. Ruzuku nyingi zilifutwa katikati ya kazi. USAID ikavunjwa, na maabara za Feed the Future zilizokuwa zikisomesha Waafrika wengi kwenye vyuo vya kilimo nyingi zikafungwa nayo. Chuo cha tiba cha UMass Chan kilifikia kuondoa ofa zilizokwisha kutolewa. Chicago ilisimamisha kupokea wanafunzi wa uzamivu kwenye idara kadhaa za sanaa na fasihi, Harvard ikapunguza nafasi. Vyuo vya binafsi vyenye akiba kubwa vina mzigo wao mwingine, kodi ya mapato ya akiba iliyopandishwa hadi asilimia 8 kwa sheria ya Julai 2025. Hiyo haikuhusu wewe, chuo chako ni cha umma. Kinachokuhusu ni ruzuku na bajeti ya jimbo.

---

Mikoko_Gazi

Shukrani sana Karani, shukrani mama. I-20 kweli imeandikwa miezi 9, ile ya zamani 12. Sikuwa nimeona.

Nimemwandikia mratibu wa idara. Amejibu leo: mwaka wa kwanza ni usaidizi wa utafiti kwa ruzuku ya profesa wangu kutoka NSF, mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani. Baada ya hapo nitahamishiwa usaidizi wa kufundisha "nafasi zikiwepo". Hakusema ruzuku inaisha lini, na nimeona haya kumuuliza profesa.

---

Kibokoni_Msomi

Hakuna haja ya kumuuliza, wala ya kuona haya. Ruzuku za NSF ziko hadharani. Ingia kwenye ukurasa wao wa kutafuta ruzuku, andika jina la profesa, utapata namba ya ruzuku, kiasi, tarehe ya kuanza na ya kwisha. (Zingekuwa za NIH ungetafuta kwenye RePORTER.) Ukiona tarehe ya mwisho imesogezwa mwaka mmoja mbele, usifurahi mapema. Mara nyingi ni muda ulioongezwa bila pesa kuongezwa: profesa amepewa mwaka wa kumalizia kilichobaki, na kilichobaki huenda hakitoshi posho ya mtu hata mmoja.

Mimi naogopa zaidi huko kuhamishwa kutoka utafiti kwenda kufundisha, dada, kwa sababu kuna vizingiti ambavyo havimo kwenye barua.

Kizingiti cha kwanza ni Kiingereza cha kuzungumza. Mkenya mara nyingi husamehewa TOEFL wakati wa kuomba nafasi kwa kuwa amesoma kwa Kiingereza. Msamaha huo ni wa kuingia chuoni. Vyuo vingi vya umma vina mtihani mwingine wa mazungumzo kwa wageni watakaosimama mbele ya darasa, na majimbo kadhaa yamelitia sharti hilo kwenye sheria. Hujafaulu, hupewi darasa. Huna darasa, huna posho. Uliza sasa: je, ninasamehewa na huo pia? Kama husamehewi, ufanye mwaka wa kwanza, wakati pesa ya utafiti bado ipo. Wanaokwama ni wale wanaoukumbuka Agosti ya mwaka wa pili.

Cha pili ni ukubwa wa uteuzi, yaani saa za kazi unazopewa kama msaidizi. Uteuzi wa nusu ni saa 20 kwa wiki, na hicho ndicho kilele ambacho F-1 anaruhusiwa kufanya chuoni wakati wa muhula. Msamaha wa karo umefungwa kwenye uteuzi. Kwenye vyuo vingine ukipewa uteuzi wa robo, saa 10, posho inakatika nusu na msamaha nao unakatika nusu au unaondoka wote. Hapo mwanafunzi hudaiwa maelfu ya dola za karo ya mgeni wa jimbo (asiye mkazi wa jimbo hulipa zaidi) kwa muhula mmoja, na wengi huligundua jambo hili bili ikiwa imeshatoka. Uliza: msamaha unahitaji uteuzi wa asilimia ngapi, na unafunika karo yote au ile tofauti ya mgeni wa jimbo tu? Uliza pia unafunika krediti ngapi. Ukishaingia hatua ya tasnifu unahitaji chache, lakini miaka miwili ya kwanza ni 9 au zaidi kila muhula.

Cha tatu ni Gazi yenyewe. Msaidizi wa utafiti anaweza kukaa kwenye matope na kipimo chake mwezi mzima na bado analipwa, ndiyo kazi. Msaidizi wa kufundisha lazima awepo darasani. Ukihamishiwa kufundisha, msimu wako wa sampuli unabaki kiangazi peke yake, ile miezi mitatu isiyolipwa. Yaani utalipa nauli ya ndege, utalipa kodi ya nyumba kule kwa sababu mikataba mingi ya nyumba ni ya miezi 12, na hakuna posho. Zungumza na msimamizi kama ruzuku ya NSF ina fungu la safari na maabara, na liandikwe.

Halafu kuna muda wa kukaa nje. Mwanafunzi wa F-1 akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi mitano hali yake inaweza kufutwa, isipokuwa amesajiliwa na kazi ya nje ni sehemu ya masomo yake, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni imeliweka hilo kwenye SEVIS kabla hajaondoka. Fanya mpango wa sampuli kwa awamu fupi. Mvua za masika na za vuli zitakulazimisha hivyo hata hivyo.

Kwa pesa ya uwandani jaribu WIOMSA, ile jumuiya ya sayansi ya bahari yenye makao Zanzibar. Ruzuku zao za MARG ni za watafiti wa ukanda huu wa bahari. Haitalipa posho yako, ila inaweza kulipa mashua, wasaidizi wa kijijini na uchambuzi wa maabara. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, usikisahau, na hicho huenda kikataka barua ya kamati ya maadili kwanza. Kibali ni cha mwaka mmoja, kikiisha unaomba upya.

---

Likoni_Feri

Jamani mbona mnamsukuma tu aende? Barua imebadilika mara moja kabla hajapanda ndege, itabadilika mara ngapi akishafika? Pwani University iko Kilifi, TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa, iko hapo Tudor, KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, wako Mkomani. Abaki nyumbani asome mikoko karibu na mikoko.

---

Karani_wa_Tudor

Ndugu yangu Likoni, hakuna aliyemsukuma, ila hapa nyumbani napo pana barua zake.

Ule mfumo mpya wa ufadhili wa 2023, wenye makundi ya mahitaji, mikopo na skolashipu, uliobishaniwa mpaka mahakamani, ni wa shahada ya kwanza na vyuo vya ufundi. Mwanafunzi wa uzamivu hayumo. Hapa PhD hulipiwa na mwajiri, na mfadhili, au na mfuko wako mwenyewe. Na msamaha wa karo pamoja na posho ya kila mwezi, kwa vyuo vyetu, si jambo la kawaida.

Kinachofaa kutazamwa ni hiki. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana skolashipu za kusomea hapa hapa nchini au nchi jirani, kwa uzamivu hadi miezi 36. Kigingi chao kikubwa ni kwamba shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita wakati wa kuomba. Dada, angalia mwaka uliomaliza uzamili. Kilifi kuna KEMRI na Wellcome, wanafadhili uzamivu, lakini ni wa afya. Mikoko wataipenda kwa macho tu. KMFRI ni wenyeji wazuri wa utafiti na wana kituo huko huko Gazi, ila KMFRI si chuo, hawatoi shahada; unasajiliwa kwingine. Pwani na TUM: kabla ya kulipa hata shilingi ya maombi, hakikisha yuko msimamizi wa fani yako mwenye nafasi, na ujue kwamba Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inadai makala mbili zilizochapishwa kabla ya kuhitimu uzamivu. Majarida mengine hutoza ada ya kuchapisha, na ada hiyo haimo kwenye barua ya mtu yeyote, ya hapa wala ya Marekani.

Na HELB, popote uendako: kusafiri hakusimamishi mkopo. Ukiacha kulipa faini ni shilingi 5,000 kila mwezi, na mkataba wako wa kazi ukiisha hakuna mwajiri wa kukukatia. Weka utaratibu wa kulipa mwenyewe kabla hujaondoka. Kwenye ile 1,580 hakikisha HELB imo.

---

Likoni_Feri

Sawa shekhe, nimekubali nusu. Uingereza je?

---

Mama_Tasnifu

Uingereza posho ya UKRI, shirika la serikali linalofadhili utafiti, kwa 2025/26 ilikuwa pauni 20,780 na haikatwi kodi. Ni ya mwaka mzima, hakuna kiangazi kisicholipwa. Tangu 2021 mgeni anaruhusiwa kuomba, na akipata, chuo hakiruhusiwi kumdai ile tofauti ya karo ya mgeni. Shida ni kwamba wageni hawazidi asilimia 30 ya kila kundi, na mlango wa mwaka huu kwa sehemu kubwa umeshafungwa. Tena kuna tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka, na hulipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba viza. Miaka minne ni pauni 3,104 kabla ya miezi ya nyongeza. Uliza nani anailipa.

Turudi kwa huyu binti, siku zake zinapungua.

Mwanangu, tuma barua pepe moja tu, kwa mratibu, nakala kwa msimamizi wako. Usiandike insha. Mshukuru kwa ofa, mwambie utajibu kabla ya 15 Aprili, kisha maswali, kila swali mstari wake, ili aweze kujibu chini ya kila mmoja bila kukwepa:

Kiangazi cha kwanza, kuna uteuzi wowote wa kulipwa, na uamuzi hutoka mwezi gani?
Ruzuku ikisimamishwa katikati ya mwaka wa kwanza, idara inabeba posho hadi mwisho wa mwaka huo?
Miaka miwili iliyopita, je, kuna mwanafunzi wa uzamivu mwenye maendeleo mazuri aliyekosa uteuzi?
Msamaha wa karo unataka uteuzi wa asilimia ngapi?
Nahitaji mtihani wa Kiingereza cha kufundishia?
Bima inafunika Juni hadi Agosti?
Malipo ya kwanza yanaingia tarehe ngapi?

Lile la tatu ndilo litakalokuambia mengi. Barua haiwezi kuahidi, lakini mratibu mwaminifu atakwambia ukweli wa yaliyopita. Akilizunguka, umepata jibu.

Lile la mwisho watu hulidharau. Unafika katikati ya Agosti, na malipo ya kwanza mara nyingi yanaingia mwishoni mwa Septemba. Wiki sita hizo kuna amana ya nyumba, kodi ya mwezi wa kwanza, godoro, chakula. Vyuo vingine vina mkopo mdogo wa dharura kwa wapya, uliza jina lake na unaombwaje.

Saa za kutuma: saa kumi jioni hapa ndiyo saa mbili asubuhi kwao, ndio wanafungua ofisi. Ukituma asubuhi ya Mombasa itazikwa chini ya barua za usiku. Na usitume Ijumaa jioni. Itakaa hadi Jumatatu na wewe huna Jumatatu nyingi.

Likizo ya kiangazi si lazima iwe ukame. Msimu huo F-1 anaruhusiwa kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20: maktaba, maabara, masomo ya kiangazi. Nje ya chuo lazima kibali, na kile cha mafunzo kazini kwa kawaida hakipatikani kabla hujamaliza mwaka mmoja wa masomo. Kiangazi cha kwanza kinaangukia karibu kabisa na mpaka huo, kwa hiyo kibali kishughulikiwe Machi, si Mei.

---

Mikoko_Gazi

Mama, nimetuma jana saa kumi na robo. Majibu yamekuja: idara itabeba mwaka wa kwanza wote hata ruzuku ikikatika, wameliandika. Bima ni ya miezi 12. Hakuna aliyekosa uteuzi kwa miaka miwili iliyopita, ila wawili walipewa robo muhula mmoja. Msamaha unataka asilimia 50. Mtihani wa Kiingereza ninahitaji. Kiangazi hakuna ahadi. Malipo ya kwanza 30 Septemba.

Nikikubali, I-20 ya miezi 9 niiache hivyo hivyo? Naona inanifaa kwenye viza, haina pengo.

---

Kibokoni_Msomi

Hao wawili wa robo ndio habari kubwa humo. Uliza waliachiwa bili ya karo au idara iliwafunika. Usisaini kabla ya jibu hilo.

---

Karani_wa_Tudor

I-20 ya miezi 9 ni halali, vyuo vingi hutoa hivyo na ofisa wa viza ameizoea. Iache. Lakini nenda Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi, ukiwa na jibu la kiangazi, maana akikuuliza "Juni unakula nini?" na ukababaika, karatasi haitakusaidia. Jibu ni akaunti ya benki, yako au ya mzazi, yenye angalau hiyo 3,840, taarifa ya miezi sita, pesa ikionekana imeingia taratibu. Laki tano zilizoingia juzi kwa mpigo zinazaa maswali. Hatimiliki ya shamba na hisa za sacco usizitegemee. Wanataka pesa inayoweza kutoka kesho.

Barua zote mbili za ofa zichape, na barua pepe ya idara ichape pia, maana I-20 inaonyesha mwaka wa kwanza tu. Kurasa zako za mitandao ya kijamii ziweke wazi kabla ya usaili; tangu Juni 2025 wanalitaka hilo kwa waombaji wa F. Tena linganisha namba ya SEVIS ya I-20 mpya na ya zamani, ile inayoanza na N, juu ya ukurasa wa kwanza. I-20 iliyorekebishwa hubaki na namba ile ile, na 350 yako inaendelea kuhesabika. Ukikuta namba ni tofauti, waandikie ofisi ya wanafunzi wa kigeni siku hiyo hiyo, na usilipe tena mpaka wakueleze ni kwa nini.